Mjusi Aliyeitibu Modemu ya Kiboko

Paukwa!
Pakawa!
Paukwa taa ya kijani!
Pakawa taa nyekundu!
Mpo hewani?
Tupo, ukikatika tutakuita!

Basi sogeeni. Nawapa habari za Mjusi, yule mdogo wa ukutani, ambaye mimi mpaka leo namvulia kofia.

Hapo kale, lakini si kale sana maana umeme ulikuwapo, wanyama walipanga vyumba katika nyumba ya Kiboko. Aliishi humo Bi Kanga, aliishi Kobe, aliishi Mjusi. Wapangaji walichangishana wakanunua modemu moja, wakaitundika ukumbini, na kila mmoja akapata mtandao chumbani kwake.

Kiboko akaona. Kiboko akatamani. Kiboko akaja, du! du! du! Akaing'oa modemu ukutani.

"Nyumba ya nani hii?"

"Yako, mzee."

"Basi na mtandao ni wangu."

Akabadili neno la siri. Akaiweka modemu chumbani mwake, ndani ya kabati la vioo, katikati ya vikombe vya wageni ambavyo hakuna mgeni aliyewahi kuvinywea. Kisha akaifunika kitambaa cha kufuma, kama alivyofunika redio, televisheni na jagi la maji. Kwa Kiboko, kitu cha thamani hakikai wazi.

Mtandao ukaja, ukakatika. Ukaja, ukakatika. Kiboko alikuwa mpenzi wa mieleka. Mtu akiinuliwa juu abwagwe, picha inaganda, naye anabaki huko huko hewani.

"Inasikia baridi hii," akasema Kiboko. Akaongeza kitambaa. Taa ikawaka nyekundu. Akaigonga, pa! Akaongeza kitambaa. Taa nyekundu. Pa! Kitambaa. Nyekundu. Pa! Kitambaa. Jamani, modemu ikavaa kuliko bibi harusi!

Na harusi ilikuwapo kweli. Bi Kanga alikuwa na binti yake, Mwatime, aliyekuwa akiolewa ng'ambo ya ziwa siku ya Ijumaa, alasiri. Bi Kanga bawa lilikuwa limevunjika, safari haiwezi. Alichobaki nacho ni simu tu, auone uso wa mwanawe siku hiyo moja. Akaenda kwa Kiboko, akapiga magoti.

"Baba, niruhusu kidogo tu, nimwone mwanangu akiolewa."

"Nyinyi ndio mnaouvuta mpaka unakatika! Toka hapa!"

Bi Kanga akarudi akilia. Kobe naye akalia, maana Kobe akiona mtu analia hujiunga. Lakini Mjusi hakulia.

"Bi Kanga, futa machozi," akasema. "Vaa nguo yako ya harusi, ukae na simu mkononi."

Mjusi alikuwa akilala katika ufa wa ukuta, nyuma ya lile kabati, na siku hizo mgongo ulikuwa ukimuungua. Alijua modemu haisikii baridi hata kidogo, inachemka! Ila hakuwa mjinga wa kumwambia Kiboko hivyo hivyo. Angeambiwa, angeivua modemu vitambaa, akaiacha mle mle kabatini, akabaki na mtandao mzuri peke yake. Oneni akili hiyo, nanyi mnaropoka kila mnachokijua!

Ijumaa mchana Mjusi akapenya chini ya mlango, cha, cha, cha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unataka nini, kijiti wewe?"

"Nimekuja kumjulia hali mgonjwa."

"Mgonjwa gani?"

"Modemu. Hebu iguse."

Kiboko akatia mkono chini ya vitambaa. "Aaah! Inaunguza!"

"Homa hiyo, mzee. Mwenye homa hafunikwi, hupelekwa penye upepo. Wala hapigwi makofi. Itundike ukumbini, juu kabisa."

"Ukumbini? Wezi wauvute?"

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Mwenye kifua kama hicho akikaa chini yake na rungu, nani atasogea?"

Kiboko akakitazama kifua chake. Akakiona kizuri.

Akaitundika. Mjusi akapanda ukutani, akazima umeme, ka! Akaiacha ipoe. Akawasha, ka! Kiboko alipokwenda kutafuta rungu, Mjusi akaingiza ukucha wake mwembamba katika kile kitundu cha nyuma ya modemu, akabonyeza, akashikilia. Taa zote zikazima, zikawaka. Neno la siri la Kiboko likafutika, likarudi lile la kiwandani, lililobandikwa tumboni mwa modemu. Mjusi akalisoma. Angemtuma Kobe alipeleke, lingefika wakati wa harusi ya wajukuu, kwa hiyo akalipeleka mwenyewe, chumba kwa chumba, cha, cha, cha.

Kiboko akarudi, akaketi chini ya modemu, rungu pajani. Akatoa simu yake atazame mieleka. Akaandika neno lake. Likakataa. Akaandika tena. Likakataa.

"Mjusi! Mbona mimi mwenyewe siingii?"

Chumbani kwake Bi Kanga akaikumbatia simu.

"Hongera, mzee!" akasema Mjusi. "Ulinzi umekamilika! Kama wewe mwenye nyumba umeshindwa kuingia, mwizi ataingilia wapi?"

Kiboko akafikiri. Akafikiri tena. Kisha akacheka, ho! ho! ho! "Kweli bwana! Watanikoma!"

Akaweka simu mfukoni, akakamata rungu kwa mikono miwili.

Nyuma ya mlango wa Bi Kanga, uso wa Mwatime ukatokea kwenye simu.

"Mama, unaniona?"

"Nakuona, mwanangu! Naona mpaka hina ya vidole!"

"Usilie basi, mama."

"Niache nilie. Umependeza mno."

Picha haikuganda hata mara moja. Ndoa ikafungwa, Bi Kanga anaona. Bwana harusi akakanyaga vazi la bibi harusi, Bi Kanga anaona. Furaha ikamjaa mpaka akashindwa kujizuia, akapiga kigelegele: lililililii!

Kiboko akashtuka. "Kelele za nini hizo?"

"Wanakushangilia, mzee, kwa ulinzi," akasema Mjusi. "Hawajawahi kuona mlinzi kama wewe."

Kiboko akatoa kifua mbele zaidi. Na tangu siku hiyo, kila alasiri anakaa pale na rungu lake, na mtandao haujakatika tena.

Ngano yangu nimeizima hapo. Aliyeipenda akaiwashe kwake.

Na funzo je? Funzo ni hili, wapangaji: waheshimuni wenye nyumba wenu na msiwadanganye kamwe. Hamjui jinsi wanavyojitesa kwa ajili yenu.