Jinseng ya Mzee Vuai

Mzee Vuai, tajiri mwenye nyumba, alitaka kuoa mwanamwali. Akamwendea mpangaji wake Bi Mize, muuza dawa. "Nipe ule mzizi wa Kichina unaorudisha ujana. La sivyo, hama."

Bi Mize akampa jinseng. "Itafune, Mzee, kisha utangaze umri wako mpya mbele ya sheha wa mtaa wetu na wakwe. Usipotangaza, haifanyi kazi."

Siku ya posa Vuai akatafuna, akatangaza: "Nina miaka ishirini na mitano." Wakwe wakaitikia. Akamgeukia Bi Mize. "Nawe hama ile nyumba, mke wangu anahamia."

"Sheha," akasema Bi Mize kwa upole, "nyumba ile aliijenga Mzee Vuai miaka arobaini iliyopita. Kijana huyu alikuwa hajazaliwa. Mzee mwenyewe akija, nitahama."

Vuai akawatazama wakwe, akaendelea kutafuna.