Aliyemulika Mlangoni

Ndugu zangu, kulikuwa na meli kuukuu ya mizigo iliyozamishwa makusudi ili iwe maskani ya samaki. Ndugu wawili wa tumbo moja, wazamiaji, walikuwa wakishuka kuikagua: matumbawe yameotaje, samaki gani wamehamia. Mkubwa alibeba kamera, mdogo tochi.

Siku moja mkubwa akamwona samaki aitwaye chewa ndani ya chumba cha injini, mnene kama ndama. Akajipenyeza ndani. Mdogo akabaki mlangoni kummulikia, maana mle ukichezesha mguu kidogo tu kutu inatibuka, na mlango huuoni tena.

Chini ya maji watu husema kwa mikono. Mdogo akagonga ngumi kifuani: hewa yangu inakwisha. Mkubwa akaiona. Akainua kiganja: subiri. Akapiga picha. Chewa akageuka, akaonyesha ubavu mzuri zaidi. Ngumi tena, safari hii kwa nguvu. Kiganja tena. Huyu naye kwa haraka zake, mkubwa akawaza.

Alipomaliza, kutu ilikuwa imetanda, hata vidole vyake havioni. Akapapasa kutafuta mlango. Kisha akaona mwanga umetulia palepale ulipokuwa, akaufuata mpaka nje.

Mdogo wake alikuwa amenasisha mkono kwenye fremu ya mlango, tochi imefungwa kwenye kifundo cha mkono huo, imeelekea ndani. Kifaa cha kupumulia kilikuwa kimemtoka mdomoni. Mkubwa akamtia chake, akapanda naye amemkumbatia. Alikuwa amechelewa.

Msibani mjane akamwita pembeni.

"Shemeji, mume wangu alizamia miaka kumi na minne. Alishindwaje kujua kuwa hewa inaisha?"

Angeweza kusema lolote. Hakuna aliyeona ila samaki.

"Alijua, shemeji. Aliniambia mara mbili. Nikamwambia asubiri."

"Sasa kwa nini hakupanda peke yake?"

"Angeondoka na mwanga. Mimi nisingetoka."

"Basi alikusubiri," mwanamke akasema, akajifunika uso kwa khanga.

Mnadhani yule mkubwa alikuwa mtu mbaya? Alimpenda ndugu yake. Kazi yake ilikuwa halali, na alichotaka ni dakika mbili tu. Ndio sisi hao! Mama amesema kifua kinambana, tukasema mwisho wa mwezi tutakwenda hospitali. Mke amesema nimeelemewa, tukasema ngoja nimalize hili. Na kwa kuwa hakuondoka, kwa kuwa chai imeendelea kuwa mezani na watoto wameendelea kuoga, tukaamini kwamba hewa anayo.

Nani anakumulikia wewe ili upate kutoka, naye anaishiwa? Usinijibu mimi. Unamjua. Ukitoka hapa na kuvuka kizingiti hiki, kabla hujasalimiana na mtu, nenda kwake.