Kwa Nini Wanaume wa Chilungule Hawaingii Ghala la Jua

Enzi hizo jua likizama liliondoka na kila kilicho chake. Halikumwachia mtu hata cheche ya kuwashia koroboi. Ninyi mliozaliwa juzi, mnaobonyeza ukutani na nyumba ikawa nyeupe, mnadhani mambo yalikuwa hivi tangu milima ilipoumbwa. Hayakuwa. Umeme wa jua ulikuwa wa mchana tu, na jioni ilipoingia kila mtu alijua kwamba umekwisha kwenda zake.

Si kwamba sola hazikuwepo. Zilipandwa kwenye mbuga ya Chilungule, mstari kwa mstari, pale pale mbuzi walipokuwa wakilishwa, zikaenea hata ukisimama mwanzo huoni mwisho. Saa sita mchana zilitoa umeme mwingi mpaka nyaya za kwenda mjini zikashindwa kuubeba, na mafundi wakawa wanazima nusu ya mistari. Jua linachoma vichwa, sola zimezimwa! Halafu ikifika jioni, saa ambayo watu wanataka kupika na kuonana nyuso, hamna kitu. Tulikuwa tukiwaona walevi wa namna hiyo siku za mavuno: mchana mtu anamnywesha kila apitaye, usiku watoto wake wanalala na njaa.

Bibi Damari, mjane wa mzee Ndahani, alizitazama sola hizo misimu mitatu, akatema mate. Alisema watu hawa wamevuna kabla ya kujenga kihenge. Naye alijua anachokisema, kwa sababu kihenge huko Chilungule ni cha mwanamke. Yeye ndiye anayekisuka, anayekikandika, anayejua uwele umebaki kiasi gani na utafika mwezi gani. Mume haingizi kichwa humo. Anayechungulia huambiwa anahesabu midomo ya wanawe. Kwa hiyo mwanamume alikijua kihenge kwa nje tu. Aliona mkewe akipaka udongo na samadi na majivu, basi akajiona ameona yote.

Mzee Ndahani alikuwa na wake wawili. Wa pili aliitwa Yudita, na kwa miaka arobaini yeye na Damari hawakuwahi kukubaliana hata kama mvua imenyesha au imepita tu. Mume alipokufa watu walitazamia kila mmoja aende kwa wanawe. Hawakwenda. Walibaki katika tembe moja wakigombania chumvi. Kisha mapafu ya Yudita, yaliyokuwa yamekula moshi wa jikoni tangu usichana, yakachoka. Akalazwa zahanati, na nesi Foibe akamwekea mpira puani, mpira uliotoka kwenye mashine ya oksijeni. Mashine ile ilikula umeme kama ndama anyonyavyo, haiachi hata kidogo. Mchana ilikuwa na wa kula. Jua likishuka nesi alifungua mtungi wa akiba, nao haukuwa mkubwa, na kila baada ya siku mbili ulipelekwa mbali kwa pikipiki kujazwa.

Hapo ndipo betri zilipokuja. Zilikuja ndani ya makontena meupe, kila moja refu kama nyumba ya vyumba vitatu. Mwaka wa kwanza yalikuwa manne. Mwaka wa pili ishirini. Mwaka wa tatu nani angeyahesabu, yalikuwa yameota kando ya sola kama vichuguu baada ya masika. Jua la saa sita likaanza kuwekwa humo badala ya kutupwa, na jioni watu wa mjini wakawa wanapikia mchana wetu. Mwaka ule wa kwanza kijiji nacho kilipewa kontena moja dogo, kwa kuwa mbuga ilikuwa yetu. Lilisimamishwa nyuma ya zahanati.

Siku ya kukabidhi, kampuni yenye sola iliitisha mkutano. Walioitwa ni wanaume. Wanawake nao waliitwa, ndiyo, waliitwa kupika mbuzi. Injinia wao alizungumza mbele ya viti muda mrefu, na upande wa jikoni hazikusikika ila sufuria. Walipomaliza kula, mwenyekiti wa kijiji, Chilongani, akapokea ufunguo na kujiteua mtunzaji, yeye na shemeji yake.

Damari alimfuata mwenyekiti, naye mwenyekiti bado anachokonoa meno.

"Wamesema nini?"

"Mambo ya umeme, mama."

"Umeme nimeshausikia. Nauliza hilo ghala. Linatunzwaje?"

"Mama yangu, mle hakuna uwele," Chilongani akasema, na shemeji yake akacheka. "Nenda kapumzike."

Kwa miezi miwili mambo yalikwenda. Yudita alipumua mchana na akapumua jioni, akapata nguvu ya kulalamika kwamba uji wa Damari una mabonge. Chilongani naye alivuta waya hadi kwenye banda lake la kuonyeshea mpira wa televisheni, akavuta mwingine hadi kwenye friji yake ya bia. Mtungi wa akiba haukupelekwa tena kujazwa, kwa maana mwenyekiti alisema sasa wa nini. Ulibaki na hewa ya robo saa.

Kisha ukaja upepo wa kiangazi na vumbi lake. Chilongani aliona vumbi linaingia kwenye matundu ya kontena, yale matundu mapana ya ubavuni yanayovuta hewa. Akaona na panya akizunguka hapo. Akakumbuka kuwa injinia mwenyewe aliliita ghala, na ghala akajua linafanywaje, si ameona! Akachanganya udongo na samadi, akatia majivu, akayakandika matundu yote. Alilainisha kwa kiganja mpaka pakang'aa. Watu walipita wakamsifu.

Siku tatu baadaye, jua likiwa linaegemea kilima, taa za kijiji zilizimika. Mashine ya Yudita ikanyamaza. Nesi Foibe akafungua mtungi, akatoka mlangoni akipiga kelele kwamba una hewa ya robo saa, basi.

Damari alikuwa anakuja na uji. Aliuweka chini palepale njiani. Alizunguka nyuma ya zahanati, akaweka kiganja kwenye ubavu wa kontena, akakitoa haraka. Joto hilo alilijua. Kila mwanamke wa Chilungule analijua. Uwele ukifungiwa bila pumzi unashika joto wenyewe kwa wenyewe, unachemka gizani bila moto, na ukichelewa unafungua kihenge unakuta uvundo. Ndiyo maana mwanamke anapokandika huacha nafasi chini ya kifuniko, nyembamba, ambayo mtu wa nje haioni. Kontena lilikuwa limechemka, na kwa kuwa lilikuwa na akili kuliko mtunzaji wake, lilijizima lisije likaungua.

"Nani amelikandika hili?"

Chilongani alikuwa amefika, simu sikioni. "Vumbi lilikuwa linaingia, mama. Na panya. Nikafanya kama ninyi mnavyofanya."

"Kama sisi tunavyofanya." Damari alilirudia neno polepole. "Umewahi kuingiza kichwa chako katika kihenge, Chilongani?"

"Mama, mwanamume hawezi..."

"Basi ulijuaje?"

Damari alichukua jembe lililokuwa limeegemezwa ukutani, akaenda kwenye matundu. Chilongani akasimama mbele yake, mikono ameitandaza.

"Usiguse! Hii ni mali ya kampuni. Likilipuka tutafungwa sote."

"Na Yudita ni mali ya nani?"

"Nampigia injinia."

"Anasemaje?"

"Hapatikani."

"Basi ondoka."

Hakuondoka. Shemeji yake naye akaja kusimama, kisha wazee wawili, halafu wengine waliotoka kwenye banda la mpira wakiwa wamekasirika kwa sababu zao. Wakaanza kusema. Mmoja akasema taratibu zifuatwe. Mwingine akasema mwanamke mzima hapigi kelele mbele za watu. Mwingine akataka kwanza ijulikane mwenye mamlaka ni nani. Walipoanza, jua lilikuwa limegusa kilima. Nesi Foibe alichungulia mara moja akasema dakika kumi. Alichungulia tena akasema tano. Mara ya tatu alichungulia tu, akarudi ndani mbio.

Wanawake walisikia. Walitoka kila nyumba, wengine wakiwa bado na unga mikononi, na majembe yao. Hawakubishana na mtu. Waliwapita wanaume kama maji yanavyopita mawe, wakakwangua. Udongo wa Chilongani ulikuwa umekauka vizuri, kwa kuwa kazi ya kijinga haikosi kufanywa kwa bidii. Ulitoka mapande mapande. Joto likawatokea usoni.

"Nilete maji?" mke kijana mmoja akauliza.

"Thubutu!" Damari akamkaripia. "Nafaka iliyoshika joto inamwagiwa maji? Leteni nyungo."

Wakaleta nyungo. Wakajipanga kwenye matundu, wakapepea kama wapepetao mtama, mkono kwa mkono, jasho likiwatiririka, hakuna aliyeimba. Baada ya muda kitu ndani kikakohoa. Feni za kontena zikaanza kuzunguka zenyewe. Taa ya zahanati ikawaka, na kule bandani televisheni ikarudi na kelele zake, na kuna watu, nasema watu wenye mama zao, walioshangilia.

Damari aliingia zahanati na ungo mkononi. Mashine ilikuwa inanguruma. Mpira ulikuwa puani mwa Yudita, na hewa ilikuwa inaingia kwa mtu ambaye hakuwa na kazi nayo tena. Nesi Foibe alikuwa amekaa chini.

"Amka," Damari alisema. "Umeme umerudi. Uvivu umezidi."

Alisubiri, kama ilivyokuwa desturi yao, atukanwe. Kisha akazima mashine kwa mkono wake. Akamtoa mpira, akamfunga taya kwa kitenge, akatoka nje. Akashika waya wa kwenda bandani, ule uliotundikwa juu ya nguzo za miti, akaung'oa kwa jembe la mpini mrefu, na mpira wa televisheni ukaishia hapo. Hakuna mwanamume aliyemzuia. Walikuwa wameutazama uso wake.

Baada ya matanga injinia alikuja, na kama kawaida viti vikapangwa kwa wanaume. Damari alikalia kiti cha mwenyekiti. Wanawake wakavikalia vilivyobaki.

"Rudia," alimwambia injinia, "ulichosema siku ya mbuzi."

Injinia aliona haya. Alisema alieleza mambo mawili tu. La kwanza, betri lazima zipate hewa, joto huziua. La pili, zisitumiwe mpaka mwisho, sehemu ya tano ibaki humo siku zote, la sivyo zinaharibika na kesho hazishiki kitu.

Wanawake walitazamana. Mmoja akacheka, kicheko kibaya.

"Mbegu," akasema. "Hailiwi."

"Mwanangu," Damari akamwambia injinia, "mambo hayo mawili tuliyajua kabla hatujaota maziwa. Ungeingia jikoni ukatuambia, hata ugali usingewahi kuungua. Ulitupita, ilhali mbuzi uliyemla tulimbeba sisi." Akanyoosha mkono upande wa pili, bila kugeuza shingo. "Chilongani. Ufunguo."

Akautoa. Hakuna aliyemhurumia.

Na tangu siku hiyo ghala la jua la Chilungule linafunguliwa na mwanamke, na makontena yale makubwa ya kampuni, ambayo leo yamefika hadi ng'ambo ya korongo, hayapokelewi kijijini mpaka wanawake wameketi kwanza na kuuliza yanapumulia wapi. Sehemu ya tano haiguswi hata kwa harusi. Na kila jioni, kabla umeme haujaachiwa kwenda majumbani, wanaume husimama hatua saba kutoka mlangoni, na kila mmoja hutaja kwa sauti jina la mgonjwa aliye nyumbani kwake, ili ijulikane ni nani wa kupewa mwanzo. Asiye na mgonjwa husema sina, akaenda zake.

Chilongani yu hai bado, ana meno mawili na fimbo. Nyumbani kwake wote ni wazima. Lakini yeye haruhusiwi kusema sina. Husimama pale kila jioni, hutaja Yudita, na akilitaja jina hilo kwa sauti ya chini, mwenye ufunguo humwambia arudie.