Ukungu Pembeni mwa Mshipa

Jamani, hii nimetumiwa nikashindwa kukaa nayo peke yangu. Isome taratibu.

Mzee Mbwilo alifiwa na mkewe zamani. Watoto wako ughaibuni, wanapiga simu sikukuu, basi. Hospitali wakamkuta na mshipa mkubwa wa damu tumboni, umevimba. Swali: apasuliwe, au arudi nyumbani? Kumpasua mtu wa umri ule si mchezo, na mshipa ukipasuka wenyewe ndiyo kwaheri.

Jibu lilitakiwa litoke kwa Siwema, mtaalamu wa kompyuta pale hospitalini. Yeye huchukua picha za ndani ya mwili, huchora ukuta wa mshipa, kisha kompyuta huigiza damu ikipita, ionekane kama ukuta utahimili.

Sasa, picha zilikuwa na ukungu pembeni. Desturi ya ofisi yao, penye ukungu mchoraji hukisia, hulainisha mstari ili kompyuta isigome, na hupeleka jibu moja safi. Ukungu hautajwi. Nani anataka kuonekana hajui kazi?

Siwema naye akafanya hivyohivyo, kompyuta ikasema: salama. Siwema akaenda wodini.

"Shikamoo, baba. Majibu mazuri, utaruhusiwa. Nani anakuja kukuchukua?"

"Marahaba, mwanangu. Nitajichukua mwenyewe. Nikizidiwa kule hakuna wa kunisikia, lakini si umesema ni salama?"

Weee! Maneno yale yalimchoma Siwema. Akarudi kuchora upya, mstari ndani kidogo, mstari nje kidogo, yote ndani ya ukungu uleule. Salama. Hatari. Salama. Hatari. Akalia pale kitini, maana ofisi nzima hakuwa na wa kumwambia.

Akamfuata daktari wa upasuaji. "Daktari, sijui. Picha zenyewe haziruhusu kujua."

"'Sijui' ni jibu gani? Nimeomba jibu moja!"

"Ndilo hilo. Tumwambie mzee, achague mwenyewe."

Wakamwambia. Mzee akacheka huku machozi yanamtoka.

"Tangu mke wangu afariki, kila mtu ananiambia 'uko sawa tu, mzee,' halafu anaondoka zake. Wewe wa kwanza kupata wasiwasi juu yangu. Haya, nipasueni."

Wakampasua. Loo! Ukuta wa mshipa ulikuwa mwembamba kuliko michoro yote, hata ile ya hatari. Daktari alitoka chumba cha upasuaji, akamfuata Siwema. Akamwambia, "Asingefika nyumbani yule."

Mzee alipozinduka, wodi ilikuwa imejaa wageni wa watu wengine. Kando ya kitanda chake aliketi Siwema.

"Umeleta majibu, mwanangu?"

"Hapana, baba. Nimekuja kukaa tu."

Funzo: Ukimwambia mtu "uko salama" ili wewe upate kuondoka, umemwachia hatari aibebe peke yake. Afadhali "sijui" ya mtu anayebaki.