Mama Mkwe Aliyepita Mlango Wake

Ndugu zangu, habari hii ikinijia siwezi kukaa kitini! Palikuwa na mama mmoja mkulima wa viazi, kule milimani kwenye baridi. Mchapakazi hasa, kumkuta amekaa ilikuwa bahati. Alikuwa na mkamwana, jina lake Tusekile, mwenye mimba ya miezi saba.

Tusekile akaanza kuhema. Akipanda kilima na ndoo ya maji, anasimama mara tatu. Kulala chali hawezi, anaegemea ukuta mpaka asubuhi. Miguu imemvimba. Mama mkwe anatazama, anaguna. Siku moja wakiwa shambani uvumilivu ukamwishia.

"Wenzako tulizaa saba na jembe hatukuliweka chini. Wewe mimba moja tu unahema hivyo?"

"Mama, pumzi inakata. Moyo unanienda mbio."

"Uvivu nao una moyo?"

Tusekile aliinama kuokota kiazi, akaanguka palepale juu ya tuta.

Sasa mngemwona yule mama! Alipiga yowe, wachimba viazi wakaacha majembe, wakafunga machela ya miti na khanga, wakashuka naye mbio hadi zahanati. Nesi akamwekea kipimo kifuani. Akasikiliza. Akasikiliza tena, uso ukambadilika.

"Binti, utotoni uliwahi kuumwa koo, halafu magoti yakavimba?"

"Ndiyo, nikiwa darasa la tatu. Wakanikanda, yakapona."

"Magoti yalipona, moyo haukupona. Ugonjwa ule uliharibu mlango mmoja wa moyo, damu inapita kwa shida. Na mimba imeongeza damu. Huyu anakwenda hospitali ya mkoa leo hii! Wangapi hawafiki hapa? Wanafia nyumbani, watu wanasema wamerogwa."

Mama mkwe akamwomba nesi arudie hilo la magoti. Mnajua kwa nini? Kwa sababu alikuwa na binti yake wa kwanza. Naye alivimba magoti akiwa mdogo. Naye alipopata mimba alihema hivyohivyo, mpaka akafa. Na kwa miaka kumi na mmoja mama huyu alikuwa akimwita jirani yake mchawi! Kijiji kizima kilimwamini. Jirani alifiwa na mume, waliokwenda kuzika hawakujaza benchi moja.

Tusekile alilazwa wiki sita. Dawa kila siku, madaktari macho kwake, na mama mkwe akimnywesha uji kwa mkono wake mwenyewe. Hatimaye mtoto akazaliwa, wa kike, ana kilio cha kutikisa wodi! Na mama yake mzima! Bibi alipiga vigelegele mpaka mlinzi akaja kuuliza kuna nini.

Mnadhani waliporudi kijijini alikwenda nyumbani kwanza? Thubutu! Alishuka kwenye gari na mjukuu kifuani, akaupita mlango wake mwenyewe, akaenda moja kwa moja kwa jirani. Akapiga magoti kwenye tope.

"Dada, hukumuua mwanangu. Ulikuwa ugonjwa wa moyo. Mimi ndiye niliyekuzika wewe ukiwa hai."

Jirani akamtazama yule mtoto. Kisha akasema, "Inuka, mtoto atapigwa na baridi. Ingia ndani."

Haya, sasa ni sisi! Sisi tunaomwona mjamzito anahema tukamwita mvivu, na akifa tukamtafuta mchawi. Tumewazika wangapi, halafu tukawazika na majirani zao wakiwa hai? Mjamzito akikwambia pumzi inakata, usimhubirie, mpeleke hospitali! Mtoto akiumwa koo kisha magoti yakavimba, usimkande ukanyamaza, mpeleke! Na wewe unayejua kuna mlango uliouacha miaka mingi kwa sababu ya neno lililotoka kinywani mwako, leo ibada ikiisha usisimame pale nje kunipa mkono. Nipite. Nenda kabishe hodi.