Sikuzani Aliyelala Njiani

Kisa!

Mnaitika, “Kije!”

Kije na nini? Hamjui. Semeni: kije na uongo wake na ukweli wake, tuvichambue. Haya. Kila mmoja achukue kunde zake aambue, maana mimi siwasimulii watu wenye mikono mitupu.

Nimewaita kwa sababu ya shangazi yenu. Ana siku kumi na mbili tangu ajifungue. Leo mmeingia kwake mmoja mmoja, mmemtazama mtoto, mmesema ana pua ya babu yenu, mkatoka. Hakuna hata mmoja aliyemwamkia mzazi. Nimewaona. Nikaenda kutafuta kisa.

Hapo kale, kale ya kale, jua lilipokuwa bado linauliza njia ya machweo, kulikuwa na kijiji kinaitwa Kwemvumo. Watu wa Kwemvumo walikuwa wema, wachapakazi, ila walikuwa na ugonjwa mmoja: walipenda kushindana. Walishindana kulima, wakashindana kula, na walipokosa la kushindania wakashindana kupona uzazi.

Ilikuwa hivi. Mwanamke akishajifungua, siku akitoka nje ya nyumba huteka maji kisimani, hurudi na mtungi kichwani, na wanawake wote hujipanga njiani wakimpigia vigelegele. Basi. Palikuwa hapana ubaya. Wa kwanza alitoka siku ya thelathini. Vigelegele vikapigwa, akaenda zake shambani. Jirani yake akatoka siku ya ishirini na tisa. Vigelegele vikapigwa, akaenda zake shambani. Mwingine ishirini, mwingine kumi na nane. Mwanjaa akatoka siku ya saba, akaitwa Mwanjaa wa Saba mpaka kufa kwake. Wanaume waliipenda sana desturi hii. Wao hawakuwa wanazaa.

Kisha akatokea mama mmoja, Mama Mhando, akatoka siku ya tatu. Alianguka mara moja tu, na mtungi haukuvunjika. Vigelegele vikapigwa siku nzima. Wakamfanya mkubwa wa wanawake wote, na jina lake likawa Mama Mhando wa Tatu. Hapakutokea wa kumshinda. Aliyejaribu siku ya pili walimzika siku ya nne, na kijiji kikasema alikuwa na bahati mbaya.

Usikunje uso, mjukuu wangu. Ambua kunde.

Miaka ikaenda. Mhando mwenyewe akakua, akaoa binti wa kijiji cha mbali anaitwa Sikuzani. Sikuzani akashika mimba, akashikwa na uchungu siku mbili, akajifungua mtoto wa kike. Alichanika. Damu zilimtoka nyingi, maziwa yalimjaa kifua kikawa kigumu, na machozi yalimtoka bila mtu kumpiga. Wageni wakaja. Wakasema mtoto ana paji la uso la Mhando. Wakaenda zao.

Mama mkwe akaja, akasimama mlangoni.

“Mwanangu, kesho ni siku ya tatu.”

“Mama, hata kukaa siwezi.”

“Nani kakwambia ukae? Nimesema utembee.”

“Mama, namtazama mtoto namwona kama mgeni. Nalia, sijui nalilia nini.”

“Utalilia kisimani. Huko kuna maji, hapana atakayejua.”

Kesho yake Sikuzani akajikaza. Akaenda kisimani ameshika kuta za nyumba za watu, na nyumba zilipokwisha akashika miti. Akateka. Akajitwisha. Akarudi. Wanawake wamejipanga pande mbili, midomo wazi, vigelegele viko tayari kooni.

Katikati ya njia Sikuzani akasimama. Akautua mtungi taratibu. Akafungua nguo yake ya bega, akaitandika chini, akalala.

Vigelegele vikabaki kooni. Kuna mmoja alipaliwa.

“Sikuzani, inuka!”

“Sijapona.”

“Hapa ni njiani!”

“Naona.”

Wakamwita mumewe. Mhando akaja mbio, akachutama.

“Mke wangu, watu wanatazama.”

“Wanamtazama nani?”

“Wewe.”

“Basi tangu nijifungue, hii ndiyo mara ya kwanza. Niletee mtoto anyonye.”

Mhando akaenda kuleta mtoto. Wazee wakakaa baraza. Mmoja akasema ni pepo. Mwingine akasema huko kwao ndivyo walivyo. Wa tatu, mwenye mbuzi, akasema mbuzi wake wamekwisha kumzunguka, wala hawana neno. Mwishowe jumbe wa kijiji akatoa hukumu: “Njia ni ya kupita. Kesho asubuhi kama hajainuka, atarudishwa kwao peke yake. Mtoto ni wa ukoo huu, atabaki. Na atakayemwinua ni Mama Mhando, mkubwa wa wanawake.”

Mmesikia vizuri? Mtoto atabaki. Sikuzani alisikia. Akamkumbata yule mtoto aliyemwona mgeni, akatetemeka homa, wala hakuinuka. Si kiburi, wajukuu zangu. Miguu haikuwa yake tena.

Mawingu yakatanda. Mhando alitazama mawingu, akamtazama mkewe, akatazama tena mawingu. Alikuwa mtu wa kufikiri polepole. Kisha akachimbia miti minne pale pale njiani, akaezeka makuti juu. Mvua ikanyesha. Ndilo jambo la kwanza la maana alilolifanya katika uzazi ule baada ya lile la mwanzo kabisa.

Asubuhi kijiji kizima kikaja. Mama Mhando akaingia chini ya makuti, akainama, akamshika mkwewe kwapani. Sikuzani akamuuliza, tena kwa adabu:

“Mama, wewe ulipotoka siku ya tatu, ulikuwa umepona?”

 Mama Mhando akawatazama wanawake wake. Akamtazama jumbe.

“Hapana,” akasema.

“Ukapona siku ya ngapi?”

Mama Mhando akahesabu kwa vidole. Vidole vya mkono wa kulia vikaisha, vya kushoto vikaisha.

“Nikipona,” akasema, “nitakwambia.”

Akamwachia kwapa. Akatandika nguo yake kando ya mkwewe, akalala.

Jumbe akasema, “Mama Mhando!” Mama Mhando akasema, “Sijapona.” Mwanjaa wa Saba, mwenye wajukuu tisa, akakohoa, akasema naye anasikia kiuno. Akalala. Akaja wa Kumi, akaja wa Kumi na Nane. Wazee hawa, vikongwe hawa, wengine watoto wao wa mwisho walikuwa na ndevu. Mpaka adhuhuri njia ilikuwa imejaa, na wanaume wamesimama hawana pa kukanyaga wala cha kula.

Jumbe hakurudia tena ile hukumu. Nani angeitekeleza?

Ikabidi wanaume wapike. Uji wa kwanza walisahau kuutia chumvi, wa pili wakautia mara mbili. Siku ya tano ukalika, wenye pilipili manga na samli. Wakachemsha maji, wazazi wakakandwa viuno, wakafungwa matumbo. Sikuzani homa ikamwacha. Machozi yakawa yanakuja siku moja yanaruka mbili. Siku moja mtoto alipiga chafya, Sikuzani akacheka, akasema, “Kumbe ni wewe!” Akainuka mwenyewe, hakuambiwa na mtu. Walipohesabu, ilikuwa siku ya arobaini.

Mama Mhando alikuwa bado amelala. Mhando akamletea uji. Akampa bakuli kwa mikono miwili, akasimama, anafikiri polepole kama kawaida yake. Alikuwa na miaka thelathini na ushee.

“Mama,” akasema, “pole kwa uzazi.”

Mama Mhando akalia. Alilia kwa sauti, mchana kweupe, mbele za watu, mpaka uji ukapoa. Wakampashia mwingine.

Basi, wajukuu zangu, mtoto hazaliwi peke yake, na mwenye kidonda hahimizwi kucheza ngoma. Mkiingia nyumba ya mzazi, pole kwanza, pua baadaye. Kisa kimefika kwao, nami nimebaki kwangu. Kama ni kitamu, gawaneni. Kama kina uchungu, niachieni mimi, nimezoea.

Sasa wekeni kunde, mkanawe, mwende kwa shangazi yenu. Gongeni mlango taratibu.