Debe la Venosa

"Aliye mbali na kengele hupiga debe." Mmelisikia neno hilo kwa katekista asubuhi hii alipowaaga ninyi mnaokwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa, mkacheka, mkadhani anawafundisha siasa. Haya, sogeeni. Lilianza hivi.

Hapa kwetu mpunga ukianza kubeba, kijiji huhama. Watu hushuka bondeni, kila nyumba na dungu lake, kile kibanda cha juu ya miti cha kulindia shamba, na hawarudi mpaka wavune. Kanisa hubaki huku juu na kengele yake. Bondeni haisikiki.

Leokadia ndiye aliyekuwa mwanzishaji wa nyimbo kanisani. Akifungua kinywa, hata watoto watukutu walinyamaza. Lakini kila aliposhuka bondeni, sala aliiacha juu pamoja na joho la kwaya.

"Mungu anajua tuko kazini," alimwambia mumewe, Kanisiusi. "Tutamkuta kanisani tukirudi."

Jirani yake wa shamba alikuwa Venosa, mjane mwenye sauti, Mungu anisamehe, ya chura. Kwaya ilikwisha kumkataa. Mwaka ule, Jumapili ya kwanza, Venosa alichukua debe lake la kuwingia ndege, lililobonyea ubavuni, akaligonga polepole, kama kengele: ngo... ngo... Watu wakashangaa, wakaenda, wakasali chini ya dungu lake. Jumapili iliyofuata wakaongezeka, Kanisiusi akiwamo.

Hapo wivu ukamshika Leokadia. Si wivu wa mume, heri ungekuwa huo. Aliwasikia wakiimba kombokombo nyuma ya chura wao, na hakuna aliyeuliza, "Leokadia yuko wapi?" Hilo lilimchoma.

"Anajipigia debe tu yule," alimwambia mumewe. "Anakitaka cheo changu."

"Basi njoo uimbe wewe."

"Nimwitikie Venosa? Mimi?"

Jumapili nyingine, Venosa alipokwenda kuteka maji, Leokadia alivuka tuta, akalichukua lile debe, akalificha chini ya mkeka dunguni kwake. Kanisiusi alikuwa mtoni akioga ili aende ibadani. Jua likapanda. Watu walikaa madunguni wakingoja mlio, na Leokadia akamtazama Venosa akipekua majani huku na huku. Moyo wake ukaburudika.

Ndipo kwelea walipokuja. Walishuka kwa maelfu, wakatua kwenye mpunga wake, chakula cha mwaka mzima. Kombeo lake halikufua dafu. Alipiga kelele kwa sauti yake ile nzuri, ndege hata hawakugeuka. Akauvuta mkeka, akalitoa debe, akaligonga kwa nguvu zake zote.

Ndege wakaruka. Na watu wakaja, wamevaa nguo safi, rozari mikononi, wakitokea kila upande.

"Kumbe leo ibada iko kwa Leokadia!"

Alisimama juu ya dungu, debe mkononi, hana pa kuliweka. Venosa alifika wa mwisho. Akaliangalia debe lake, na ule ubavu uliobonyea, na kila mtu akaona kwamba amelijua. Leokadia alingoja aumbuliwe.

"Nimelitafuta sana," Venosa alisema. "Basi, dada, debe limeshaita. Tuanzishie."

"Venosa, mimi nili..."

"Tuanzishie. Mimi huwa naharibu."

Leokadia alishuka, akafungua kinywa. Hakuna kilichotoka. Tangu ashuke bondeni hakuwa amesema hata sala ya chakula, na sasa neno la kwanza la wimbo lilimkimbia mbele ya watu wote. Ndipo Venosa akaanza mwenyewe, kwa sauti yake ile ile ya chura.

Na Leokadia akamwitikia, huku machozi yakimtoka.

Kwa hiyo nanyi msiniambie kwamba kwenye miwa hakuna kanisa. Najua halipo. Aliye mbali na kengele hupiga debe.